Nyota ya Mama Mukantwari

Kamembe, 27 Oktoba 2024

Yaya wangu Patricie,

Mama Mkuu wenu alinihakikishia kwamba habari imekufikia. Kwa simu nilisema mambo mawili tu, kwamba Mama amefariki na kwamba tunamzika Jumatano, kisha kilio kikanishinda nikakata. Leo ni Jumapili. Studio nimeifunga, mke wangu Umuhoza amenipikia chai, akamchukua mtoto wetu Kamikazi wakaniacha peke yangu, na sasa nakuandikia vizuri kama tulivyozoea tangu uingie monasteri.

Tulimzika mvua ikinyesha. Kwaya iliimba ikiwa imelowa chapachapa. Watu walijaa, hata wale wa Bukavu walivuka daraja la mpakani asubuhi, na wote waliuliza habari zako. Niliwaambia kwamba masista wa monasteri yenu hawatoki, hata mama akifa hawatoki. Wengine walitikisa kichwa. Mimi sikutikisa, maana nakujua.

Ila si hayo yaliyonikalisha hapa. Nataka nikuandikie neno lake la mwisho.

Unajua Mama na nyota zangu. Tangu siku niliyoanza kutumia kamera ya arusi kupiga picha za Mshtarii na Zohali, hakuniacha nipumue. "Vénuste, manyota yako njo itafunika iyi nyumba?" Kila bati lilipovuja, kosa lilikuwa la nyota. Aliwatangazia majirani wote wa Gihundwe kwamba mtoto wake ana mke wa pili mbinguni, na kwamba huyo mke hapiki wala hafui. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukiniuliza kuhusu vyombo vinavyokwenda kwenye sayari, na wewe uko Tabora nyuma ya ukuta.

Basi, kiharusi kilipompiga mwishoni mwa Septemba, upande mmoja ulikufa na maneno mengi yakapotea. Nilikaa naye hospitalini kila siku. Jioni ile chombo kiitwacho Europa Clipper kiliporushwa kuelekea mwezi mmoja wa Mshtarii, nilimshikia simu mbele ya jicho lake zima tukaangalia pamoja. Nilimweleza kwamba kitasafiri zaidi ya miaka mitano ndipo kifike. Aliangalia ule moto mpaka ukaisha, hakugeuza uso. Nilishangaa, Yaya. Miaka yote ya kunisema, na leo anatazama.

Siku hizohizo nyota yenye mkia ilikuwa inaonekana magharibi baada ya jua kuzama, upande wa Bukavu. Mimi nilikuwa sijaipata, kwanza mawingu, halafu mwezi mpevu ukafuta mbingu yote. Kila jioni nilimpa Mama ripoti: bado, Mama, bado. Jumapili ya tarehe 20 mwezi ulikuwa umeanza kuchelewa kutoka, na mchana mawingu yakaachana. Nilikuwa nimeketi karibu naye. Akanishika mkono kwa ule wake mzima, akafungua mdomo, akasema wazi: "Nyota." Nikamwinamia. "Nyota, Vénuste." Akarudia, akarudia tena, ananikazia jicho.

Yaya, sikuwahi kulia kwa furaha kabla ya siku ile. Nikamwambia, ndiyo Mama, nakuletea. Nikachukua mfuko wa kamera, nikashuka ziwani mbio, nikapata mtumbwi wa Birindwa wa kwenda kisiwani Nkombo, maana hapa Kamembe taa ni nyingi mno. Na nikaipata! Mkia mrefu umesimama juu ya milima ya Congo, na chini yake mstari wa taa za wavuvi wa sambaza, wale dagaa wetu wa Kivu. Wao na mimi tunafuata kalenda moja, mwezi ukiwaka sote tunakaa nyumbani.

Mtumbwi wa kurudi ni wa asubuhi. Nilipofika hospitalini na kamera shingoni, Maman Zulaikha alinisimamisha mlangoni. Ni yule muuza vitenge wa karibu na msikiti, alikuwa anamuuguza mume wake kitanda cha pili. Mama alikuwa ameondoka alfajiri.

Hakuiona. Lakini aliiomba, Yaya, kwa mdomo wake. Hilo ndilo linalonishikilia. Mama amekufa amenikubali.

Mdogo wako,
Vénuste


Monasterini, Tabora, 24 Novemba 2024

Mdogo wangu Vénuste,

Barua yako imechukua karibu mwezi kunifikia. Masista wa hapa wakiona "Yaya Patricie" juu ya bahasha bado wanacheka, kwa sababu kwetu yaya ni dada mkubwa, kwao ni mfanyakazi wa kulea watoto wa watu. Nimewaambia hawajakosea sana, wewe nilikubeba mgongoni mpaka ukaweza kukimbia kuliko mimi.

Nimemlilia Mama. Nilidhani siku hii ikifika nitakuwa na sala tayari mdomoni. Nilichokuwa nacho ni hasira. Nilikuwa kwenye chumba cha kuokea hostia za misa, nikaunguza sahani nzima, nikaitazama inaungua. Miaka yote nimesema nimekubali kutotoka. Siku hiyo sikukubali.

Asante kwa kukaa naye. Ulifanya kazi ya watoto wawili.

Nina maswali machache, unijibu pole pole. Siku za mwisho Mama alikuwa bado anaongea Kiswahili, au alikuwa amerudi kwenye Kinyarwanda? Alikuwa anakula, anakunywa? Baada ya wewe kuondoka alibaki na nani? Nauliza kwa sababu sikuwapo, na nataka niweze kukiona kile chumba.

Humu ndani kuna bahasha ndogo ya Maman Zulaikha. Ni ya shukrani. Mpelekee ikiwa imefungwa hivyohivyo.

Nakukumbuka kila masifu ya jioni.

Dada yako,
Sista Patricie


Monasterini, Tabora, 24 Novemba 2024

Maman Zulaikha,

Amani iwe kwako. Hatujaonana. Mimi ni binti mkubwa wa marehemu Mukantwari, dada yake Vénuste mpiga picha. Natumaini mume wako amepata nafuu.

Ndugu yangu ameniandikia kwamba Mama alimwomba nyota. Wewe ni mtu wa Kamembe, Kiswahili na Kinyarwanda vyote ni vyako, kwa hiyo hapa sikufundishi kitu. Naandika tu kwa sababu lazima niseme mahali fulani, kwa mtu fulani, nisije nikapasuka. Kwa Kinyarwanda inyota ni kiu. Mama yangu alikuwa na kiu. Alimshika mtoto wake mkono akamwomba maji, na mtoto akavuka ziwa kwenda kumtafutia picha.

Usimwone mjinga. Sisi tulikulia Bukavu, na Baba hakutaka Kinyarwanda kisikike nyumbani, tusije tukaitwa wageni na watoto wa mtaa. Mimi nilikichota kwa bibi kabla hajafa. Vénuste alikipata ukubwani, sokoni, baada ya familia kurudi Rwanda. Neno inyota analijua kama wewe na mimi. Lakini Mama alimsemesha kwa Kiswahili maisha yake yote, na kati yao wawili neno hilo lilikuwa na maana moja, na lilikuwa ugomvi wao. Alikuwa amengoja miaka mingi kulisikia likitamkwa kwa upole.

Nina maombi mawili. La kwanza, usimwambie. Ameachwa na kitu kimoja tu cha kushika, nami sina cha kumpa badala yake. La pili ni langu mwenyewe. Uniambie, tafadhali, kama kuna mtu yeyote aliyempa Mama maji.

Sista Patricie


Kamembe, 29 Desemba 2024

Yaya wangu,

Noeli njema, ingawa imepita, na Mwaka Mpya mwema kabla haujafika. Umeniuliza maswali kama polisi wa mpakani, lakini nimefurahi kuyajibu. Hapa watu wameshaacha kuniuliza kuhusu Mama.

Lugha: alikuwa amerudi Kinyarwanda kabisa, na Mashi kidogo ya sokoni Bukavu. Hata Umuhoza alikuwa anamwamkia kwa Kiswahili yeye anajibu kwa Kinyarwanda. Ndiyo maana nilishtuka aliponitolea lile neno. Kati ya maneno yake yote ya Kiswahili yaliyopotea, moja alinibakishia mimi.

Kula na kunywa: hapana. Muuguzi alikataza kumpa kitu chochote mdomoni, kwa sababu koo lilikuwa limelala na kila kitu kilikuwa kinapita njia ya mapafu. Chakula kilipita kwenye mpira wa puani, na serumu mkononi. Midomo ilikuwa imepasuka, maskini. Nilimpaka mafuta ya kupaka.

Nani alibaki naye: Maman Zulaikha. Na hapa mimi ndiye mwenye swali. Bahasha nilimpelekea mwenyewe dukani. Aliifungua mbele yangu, akasoma, akaniangalia kwa namna ambayo nilidhani homa imempanda, akaitia ndani ya mkoba. Tangu siku hiyo akiniona anavuka barabara. Umemwandikia nini mke wa watu? Kama umejaribu kumbatiza kwa posta, acha, ana dini yake na anaijua kuliko wewe na mimi tunavyoijua yetu.

Sasa sikia habari njema. Ile picha nimeishughulikia mwezi mzima. Usiku ule nilipiga nyingi, nazipanga moja juu ya nyingine kwenye kompyuta mpaka chembechembe zinafutika na mkia unajitokeza. Taa za wavuvi nilitaka kuzifuta, halafu nikaziacha. Nitaichapisha kubwa, iingie dirisha zima la studio, kila anayepita kwenda sokoni aione. Na juu yake nitaandika neno lake, herufi kubwa: NYOTA. Sitaandika kingine. Neno linatosha.

Mama aliniaibisha mbele ya mtaa kwa ajili ya nyota, kwa hiyo mtaa huohuo uone tulipofika yeye na mimi.

Vénuste wako


Monasterini, Tabora, 2 Februari 2025

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena. Uvumilie kama ni kavu.

Picha itundike. Najua ni nzuri, hata sijaiona. Lakini nakusihi usiandike neno juu yake. Mama hakupenda mambo ya ndani ya nyumba yasomwe barabarani. Mtu akifa neno lake la mwisho ni la watoto wake, si la wapita njia. Kama unataka maandishi, andika tarehe, au andika Ziwa Kivu, au jina la hiyo nyota walilolipa wataalamu.

Sina sababu nyingine ya kukupa. Nakuomba tu, na si kawaida yangu kukuomba.

Maman Zulaikha msalimie. Wala sikumbatiza.

Patricie


Kamembe, 3 Machi 2025

Yaya,

Nimekasirika, na ni afadhali nikuambie kuliko kunyamaza. Nilidhani wewe ndiye uliye upande wangu. Kumbe na wewe ni walewale, nyota zinakuaibisha. Andika tarehe! Mama ananishika mkono, ananiomba, halafu mimi niandike tarehe kama kwenye picha ya pasipoti?

Barua yako ilinikuta nimeshatundika, na neno liko juu, jekundu, unaweza kulisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Sitaliondoa.

Haya, hasira nimeitoa, sasa ucheke kidogo. Juzi chombo changu kimepita karibu na Mirihi, kimejirusha kwa uzito wa ile sayari kama mtoto anavyozungushwa mkononi na kuachiwa. Nilikuwa nafuatilia kwenye simu tangu mchana huku nikipiga picha za kipaimara, na nikawakata vichwa watoto wawili. Wakati huohuo akaingia motari mmoja wa kituo cha pikipiki kilicho mbele yangu, jasho linamchuruzika, helmeti kichwani. "Patron, munaandika inyota ku dirisha. Munipe ata maji kidogo, jua iko naniua."

Nilicheka mpaka nikakaa chini! Alikuwa amesoma kwa Kinyarwanda, akadhani nauza vinywaji. Nikampa chupa yangu akaimaliza. Na si yeye peke yake, Yaya. Watoto wa shule wanasimama dirishani wanauliza kama kuna Fanta. Mama mmoja wa Nkombo, kapu la sambaza kichwani, ameniuliza bei ya juisi. Umuhoza anasema ninunue friji tu, tutatajirika.

Nimepata dawa. Kesho naongeza mstari wa pili chini ya lile neno, wapate kuelewa: Neno la mwisho la Mama Mukantwari. Hapo nadhani wataacha kuniomba maji.

Bado nimekasirika.

Vénuste


Kamembe, 12 Machi 2025

Patricie,

Sikungoja jibu lako.

Yule motari alirudi jana. Alikuja kunilipia maji, amebeba chupa mpya. Alisimama nje kwanza, nikamwona anasoma mstari wa pili midomo ikimchezacheza. Akavua helmeti. Akaingia taratibu, akanipa mkono kwa mikono miwili kama tunavyopeana msibani.

"Pole sana, patron. Na mulimupatia?"

Nikamuuliza, nilimpatia nini?

"Maji. Si mama alisema iko na inyota?"

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba ni Kiswahili. Nilikuwa hata nimeshaanza kutabasamu. Kisha nikamwona Mama, midomo yake ile, na mkono ule unavyonivuta. Nikageuka nikalisoma lile neno upya. Kijana wa watu aliogopa, akaiweka chupa mezani akaondoka.

Picha nimeibandua. Neno limeacha alama nyekundu kwenye kioo, nimelikwangua kwa wembe na bado linasomeka.

Kuna chombo kingine, cha zamani, Voyager, kilirushwa kabla sijazaliwa, kimevuka sayari zote. Mwaka juzi kilianza kutuma upuuzi, hakuna neno lililoeleweka. Wale watu walikaa miezi wakisoma kisichosomeka, mpaka wakajua ni wapi pameharibika na kinataka kusema nini. Miezi, Patricie, kwa bati lililoko huko mbali. Mimi niliambiwa neno moja na mama yangu, ameshika mkono wangu, nikachagua maana niliyoipenda.

Uliniuliza kama alikuwa anakunywa. Uliniuliza ni lugha gani. Ukaniomba nisiandike neno.

Ulijua.

Vénuste


Monasterini, Tabora, 13 Aprili 2025

Vénuste,

Nilijua. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, nikiwa sijafika hata mwisho wake.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na furaha. Nilijiambia ni huruma. Nusu ilikuwa huruma. Nusu nyingine ilikuwa aibu, kwa sababu wewe ulikuwa pale ukasikia vibaya, na mimi ambaye ningesikia vizuri nilikuwa hapa naoka hostia. Ningekusahihisha kwa mdomo gani? Kwa hiyo nikakuacha utundike kiu ya mama yetu dirishani, na nikakuacha ucheke ulipoambiwa. Barua yako ya kwanza kuhusu yule motari niliisoma nimesimama. Sikuimaliza siku ile.

Naweza kukuambia kwamba maji yalikuwa yamekatazwa, na kwamba hata kama ungeelewa usingempa. Ni kweli. Najua pia kwamba haikusaidii, kwa sababu ungebaki. Ungemshika mkono mpaka mwisho.

Kitu kimoja nilichokifanya nakuambia sasa. Ile bahasha ya Zulaikha haikuwa ya shukrani. Nilimwomba asikuambie, na nilimuuliza kama kuna mtu aliyempa Mama maji usiku ule. Hajanijibu mpaka leo. Siku nyingi nimejiambia kwamba barua imepotea, lakini wewe uliniambia aliisoma mbele yako. Kwa hiyo ninaogopa jibu.

Nenda kwake. Mimi siwezi. Chochote atakachokuambia, kiwe kibaya namna gani, uniandikie, tukibebe wawili.

Unaruhusiwa kunichukia muda wowote unaotaka. Usiache kuandika tu.

Dada yako,
Patricie


Kamembe, 18 Mei 2025

Sista Patricie,

Salamu kutoka kwangu na kwa mume wangu, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na kugombana na kila mtu, alhamdulillahi. Mimi kuandika si kazi yangu, kazi yangu ni kupima vitambaa, kwa hiyo usitafute mapambo humu.

Usinihesabie ubaya kwa kukunyima jibu. Nilikuwa nalo. Lakini ndani ya jibu hilo kulikuwa na kitu cha ndugu yako, na niliona si haki wewe ukipate kwa posta kabla yake. Na wewe mwenyewe ulikuwa umenifunga mdomo nisimwambie. Basi nikabaki navyo vyote viwili, nikawa namkwepa.

Alikuja dukani Alhamisi alasiri, barua yako iko mkononi. Hakunisalimia. "Maman Zulaikha, alikunywa?" Nikamtoa mteja, nikashusha pazia, nikamketisha juu ya robota la vitenge.

Nilimweleza hivi. Mama aliposema inyota nilisikia mimi, mume wangu alisikia, na msichana aliyekuwa anapiga deki alisikia. Tukamwona ndugu yako, Papa Kamikazi, machozi yanamtoka, anakamata mfuko wake, anatoka mbio. Sista, mimi nilidhani ameelewa. Nilidhani ameshindwa kumnyima mama yake maji huku anamtazama, akakimbia. Nimeona wanaume wengi wakikimbia ile wodi. Nilimhukumu hivyo mpaka siku aliponiletea barua yako kwa mkono wake, nikasoma na yeye amesimama pale ananichekea. Ndipo aibu ikanishika. Sikuvumilia tena kumtazama usoni.

Alipotoka tu, nilichovya pembe ya kitenge changu kwenye maji ya kunywa nikampangusa Mama midomo. Akaikamata ile nguo kwa upande wake mzima akainyonya. Muuguzi alinikemea, na alikuwa na haki. Akaondoka, nikachovya tena. Tuliendelea hivyo mpaka mwenyewe akaiachia. Kwa hiyo maji aliyapata, Sista, si mengi, lakini kiu ilikatika. Hilo ndilo jibu lako.

Ndugu yako akaikunja barua yako. Akasema, "Basi ile haikukuwa neno yake ya mwisho."

Nikamwambia hapana. Na hapa ndipo penye kitu chake nilichokiweka.

Mama alipumzika, kisha akageuza uso upande wa mlango. Akaniuliza kwa Kinyarwanda, pole pole, maneno yanamchelewa: "Yajyanye ikoti?" Alitaka kujua kama mtoto wake amekwenda na koti. Jua lilikuwa linazama na upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuingia dirishani. Nikamjibu ndiyo, Mama, amelivaa. Akafumba jicho. Hakusema neno jingine mpaka alfajiri.

Nilimdanganya. Koti lilikuwa miguuni pake. Papa Kamikazi alilisahau kitandani alipokimbia, na ndilo nililomfunika nalo usiku ule.

Ndugu yako alinisogelea. Kisha akaniomba niyarudie yale maneno mawili, moja baada ya jingine, vilevile kama mama yake alivyoyatamka. Nikayarudia. Akayasema na yeye, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejifunza.

"Maman Zulaikha, iyo ikoti, mu Kinyarwanda, haiko na maana ingine?"

"Hapana, Papa Kamikazi. Koti ni koti."

"Uko hakika?"

"Niko hakika. Huku koti, na kule koti."

Akaniuliza mara ya tatu, nikamjibu mara ya tatu. Ndipo akalia, Sista, kwa sauti, hata wa duka la jirani wakaja kuchungulia. Nikawafukuza, nikakaa naye mpaka muda wa kufunga.

Mimi Zulaikha